Makereta Lewatu, Aliyeilinda Taa ya Manjano ya Waisere

Wazee wa ukoo wetu na wa kijiji hiki cha Koronivai, mchungaji na washarika wote, shemeji yangu Aporosi, wapwa zangu Salanieta na Tevita, wenzetu wa shirika la umeme mliovuka kwa meli kutoka Suva kuja kulia pamoja nasi, majirani, na ninyi watani wetu wa Nadroga mliokaa pale mlangoni mkinywa yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, hata kabla hatujawakaribisha, mimi naitwa Ilaitia, ni mdogo wake marehemu, na ndimi niliyepewa heshima ya kuwasomea historia ya maisha yake.

Najua wapo waliotazamana niliposimama, na kwa ajili ya wageni ambao si wa pwani hii naomba niseme sababu, kwamba kwetu Natewa kaka na dada wakishapevuka hawasemeshani tena uso kwa uso, hawataniani, hawali sahani moja, na mmoja akiwa na neno kwa mwenzake hulipitisha kwa mtu wa tatu, wala si kwa chuki bali kwa heshima, na mimi na marehemu tuliishika heshima hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini. Mtani wangu Sakiusa alipopata habari kwamba msomaji ni mimi alipaza sauti mbele ya watu, "Yaani mmetafuta Fiji nzima, mkamwona huyu ambaye hajawahi kumwambia dada yake hata habari za asubuhi!" Namshukuru kwa kutuchekesha katika siku ngumu, na namjibu kwamba kunyamaza kwangu hakukunizuia kumwona dada yangu alivyokuwa.

Marehemu Makereta Lewatu alizaliwa tarehe 11 Machi 1962 hapa hapa Koronivai, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu baba yetu Eroni na marehemu mama yetu Unaisi, mimi nikamfuata mwaka 1965, na baada yangu hakuzaliwa mwingine. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia mwaka 1968, wakati ambapo umeme pekee tuliokuwa nao ulitoka kwenye jenereta ya kanisa iliyowashwa Jumapili, na mara nyingi alikosekana kwenye kwaya akakutwa amechuchumaa nyuma ya kanisa kando ya jenereta, akidai kwamba inaimba vizuri kuliko shangazi zetu, maneno yaliyomletea fimbo kutoka kwa shangazi zaidi ya mmoja, na wawili kati yao wako hapa leo na wanaikumbuka vizuri.

Mwaka 1976 alijiunga na sekondari ya wasichana ya bweni kule Viti Levu, akaendelea na chuo cha ufundi mjini Suva alikohitimu mwaka 1983 katika fani ya umeme, msichana peke yake darasani, na tarehe 6 Februari 1984 aliajiriwa na shirika la umeme katika karakana ya mita. Tarehe 9 Desemba 1989 alifunga ndoa takatifu na Aporosi, mwalimu wa hesabu kutoka Kadavu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Salanieta aliyezaliwa mwaka 1991 na Tevita aliyezaliwa mwaka 1993, ambao wamelelewa kwa upendo mwingi, nidhamu nyingi, na samaki wa kopo zaidi ya inavyopendeza, kwa kuwa mama yao hakuwahi kudai kwamba anajua kupika.

Mwaka 1994 alihamishiwa chumba cha kuongozea umeme mjini Suva, mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti, na hapo ndipo kazi yake ilipokutana na yangu, kwa sababu tangu mwaka 1988 mimi nilikuwa fundi katika kituo cha kupozea umeme cha Waisere, kule milimani. Kazi yetu ina sharti moja kubwa, kwamba anayewasha na kuzima laini ni Suva, na fundi aliye uwanjani hagusi kitu mpaka apewe amri kwa simu ya upepo, airudie neno kwa neno, na akimaliza aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba ametoka. Sasa Suva alikuwa dada yangu, uwanjani nilikuwa mimi, na midomo yetu ilikuwa haiwezi kukutana, basi tukamweka katikati Sakiusa, niliyekuwa nafanya naye kazi pale Waisere, yeye akikaa kwenye kibanda na simu, dada akimwambia yeye, yeye akinipigia kelele mimi, na kila jioni alinung'unika, "Mimi ndiye mkalimani pekee duniani wa watu wawili wa lugha moja." Wakubwa wetu hawakujua, au walijua wakaona aibu kuuliza, na mambo yakaenda hivyo kwa miaka miwili bila tatizo.

Tarehe 14 Agosti 1996, alasiri, nilimaliza kubadilisha vikombe vya kauri vinavyoshika nyaya za laini ya kaskazini, nikatoka uwanjani, nikamwambia Sakiusa nimetoka, naye akalifikisha neno hilo Suva kama nilivyolisema, na lilikuwa la kweli, ila mara nikakumbuka spana yangu niliyoiacha juu ya chuma nikarudi kuichukua, na dada yangu, ambaye alikuwa ameshaambiwa kwamba niko nje, akaiwasha laini kwa mkono wake. Umeme uliruka kabla sijaishika spana, ukanitupa kwenye kokoto, ukachukua vidole viwili vya mkono huu wa kushoto mnaouona umeshika karatasi. Nikiwa nimelala chali nilisikia sauti yake ikitoka kibandani, sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikiwa juu namna ile tangu tulipokuwa watoto, "Sakiusa! Sindano za mita zimeruka huku! Muulize! Muulize kama yu hai!" Nikajibu, "Mwambie niko hai," na Sakiusa huku akilia akarudia, "Anasema yuko hai," dada akasema, "Muulize tena!" na Sakiusa akamaka, "Dada, yuko hai, namwona kwa macho yangu, anatukana!" Hata siku ile, ndugu zangu, hatukusemeshana.

Wakati ninauguza mkono, wajomba zetu walikaa hapa kijijini na kusema kwamba desturi hii imetaka kuua mtu, kwamba kwa kuwapelekea wazee jino la nyangumi mambo haya huweza kuombewa ruhusa, basi na tuombewe tuanze kusemeshana angalau kwenye simu ya kazi. Marehemu alituma jibu kupitia kwa mama, na mama alinisimulia mara nyingi mpaka ninalijua kwa moyo, "Heshima yetu haikumchoma mtu. Kilichomchoma ni kituo kisichojua kusema nani yuko ndani. Nipeni muda, nitakifundisha kusema." Kuanzia siku hiyo alikuwa na jambo moja tu kichwani, kwamba mdogo wake aingie uwanjani na atoke mzima, na asiwepo mtu yeyote, mwenye heshima au asiye nayo, atakayetegemea neno la kupitishwa.

Alirudi darasani jioni baada ya kazi, shemeji akibaki na watoto, akasoma mambo ya mitambo inayojiangalia na kuendeshwa kutoka mbali, akahitimu mwaka 1999, kisha akabeba michoro yake hadi kwa mhandisi mkuu wetu wa wakati ule, Bwana Munsami, ambaye tunashukuru amefika leo licha ya magoti yake. Bwana Munsami aliitazama ile michoro akamwuliza, "Makereta, unataka nitoboe kuta za kituo kizima kwa sababu wewe na mdogo wako hamsalimiani?" Marehemu akamjibu, "Bwana Munsami, hata wanaosalimiana husahau spana." Bwana Munsami alicheka, akasaini, na tangu siku ile hakuacha kumtetea kila mahali, jambo ambalo familia haitalisahau.

Kazi ilikamilika Waisere tarehe 20 Novemba 2001, na nitaieleza kwa kifupi kwa faida ya shangazi zangu. Ufunguo wa lango la uwanja ulikaa ndani ya kisanduku ukutani, wala hukuweza kuuchomoa mpaka uzungushe swichi kutoka MBALI kwenda HAPA, na ukishauchomoa, Suva haikuweza kuwasha kitu chochote, hata wangetaka, hata wangeamriwa, na kwenye kioo chao iliwaka taa ndogo ya manjano kuonyesha kwamba kuna mtu ndani. Ukitoka unafunga lango, unarudisha ufunguo, unazungusha swichi, taa ya manjano inazimika, Suva wanabonyeza kitufe kuthibitisha, na kwako ukutani inamweka, yaani inawaka na kuzimika, taa ya kijani. Baadaye akaongeza vipimo vya joto la mafuta ya transfoma na vya gesi ndani yake, kiasi kwamba transfoma ikipata homa Suva walijua kabla yetu tuliolala jirani nayo, na mfumo ule ukapelekwa vituo vingine vyote, na wapo mafundi katika mkutano huu wanaojua wenyewe ni siku gani ile taa iliwarudisha kwa watoto wao. Sakiusa alihamishiwa kwenye udereva, akatangaza kwamba mwanamke wa Cakaudrove, yaani wa mkoa wetu huu, amemwibia kibanda chake, na amelisema hilo kwenye kila sherehe ya familia hadi leo.

Sasa nitasema jambo ambalo wengi hamlijui. Wathibitishaji wengine walibonyeza kile kitufe wanapopata nafasi, mara moja, lakini zilikuwepo siku ambazo taa ya kijani ilimweka papo hapo, na ilimweka mara mbili, na sikuhitaji kuambiwa nani yuko zamu. Nilikuwa ninasimama kidogo mbele ya kile kisanduku, mtu mzima mwenye mvi, ninatabasamu na ukuta. Na juzi, wakati wa kuuleta mwili, mabinti aliowafundisha kazi wameniambia upande wa pili, kwamba taa ya Waisere ikiwaka hakunywa chai mpaka izimike, na zamu yake ikiisha kabla haijazimika alikabidhi kiti lakini haondoki, anakaa pembeni amepakata mkoba, na ndiyo maana shemeji yangu Aporosi amekula dalo, yaani magimbi, ya baridi kwa miaka mingi bila kulalamika. Shemeji, nilikuwa sijui, leo nakushukuru kwa kila sahani.

Alistaafu kwa heshima tarehe 10 Machi 2017, na kwa miaka mitatu na nusu iliyobaki ya utumishi wangu wale mabinti walimtumia ujumbe wa simu kila nilipotoka uwanjani. Tarehe 30 Oktoba 2020, siku yangu ya mwisho kazini, nilirudisha ufunguo, nikazungusha swichi, na ile taa ya kijani ikamweka mara mbili. Walikuwa wamemleta kutoka nyumbani, wakampisha kwenye kiti.

Marehemu aliishi na kisukari na shinikizo la damu kwa muda mrefu, na tarehe 6 Juni 2023 akiwa nyumbani kwake Suva alipatwa na kiharusi kilichomwondolea kauli. Nilifika siku ya pili yake, nikatandika mkeka nje ya mlango wa chumba chake hospitalini, mgongo wangu ukielekea ndani kama inavyopasa, na kila asubuhi mpwa wangu Salanieta alimwambia, "Mama, mjomba yuko hapa mlangoni," naye akagonga chuma cha kitanda kwa kidole, mara mbili. Jumapili tarehe 2 Julai 2023, asubuhi, Salanieta alimwambia kama kawaida, nikasikia amegonga mara moja, nikangoja ya pili, na mpaka sasa bado sijaisikia. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, na mimi.

Familia inawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi waliomhudumia, na zaidi ya yote waliokuwa wakiruka miguu yangu pale mlangoni bila kunifukuza, inawashukuru majirani wa Suva waliopika na kufua wakati sisi hatukujua hata siku ya juma, uongozi na wafanyakazi wote wa shirika la umeme kwa usafiri na kwa machozi yao, mchungaji na kwaya, wanakijiji mliochimba kaburi na kutupikia chakula cha lovo, tanuri letu la kufukia ardhini, na watani wetu wa Nadroga, ambao wameiba mikeka miwili na kuku mmoja tangu jana, kwa kutotuacha tuzame katika majonzi.

Limebaki neno moja. Jana jioni nilimwomba Sakiusa asimame kando ya jeneza amfikishie dada yangu maneno yangu ya mwisho, kama alivyotufikishia zamani, naye kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakunitania, alisema tu, "Nimestaafu, Ilaitia. Hili lipeleke mwenyewe." Basi nimepeleka jino la nyangumi kwa wazee, wamelipokea, na wameniruhusu.

Dada Makereta, ni mimi, Ilaitia. Niko hai. Nimetoka uwanjani, na ufunguo nimeurudisha mahali pake. Pumzika kwa amani.