Barabara Tuliyoifagia

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, karibu Kwemazi, kata ya Mazingara. Sisi wakulima wa machungwa tumepewa dakika tano tu, nasi tumezoea kusema hadi chai ipoe. Utuvumilie.

TULIKOTOKA

Machungwa yetu ni matamu, lakini kwa miaka mingi walioyafaidi ni ngedere. Mnunuzi alikuwa mmoja, na bei alikuja nayo mfukoni. Ukibisha alikwambia, "Haya, yapeleke Korogwe kichwani." Bibi Mwaija Mwinjuma, huyu aliyeketi mbele yako, alibisha mwaka mmoja. Akayatazama machungwa yake yakianguka moja moja hadi msimu ukaisha. Hakubisha tena.

GREDA LILIPOFIKA

Mwaka juzi likaja greda. Wewe umeyazoea, mheshimiwa. Sisi tuliacha majembe shambani. Kilima kilichowashinda babu zetu kilichongwa kabla ya adhuhuri. Changarawe ikamwagwa, ikashindiliwa, ikalala nyekundu mpaka macho yalipoishia. Bibi Mwaija alisimama pembeni, asithubutu kuikanyaga.

"Mama, pita, ni barabara tu," mwanawe Sufiani alimwambia.

"Tu?" akamjibu. "Wewe nilikuzaa njiani, juu ya machela, kwa kukosa hiyo tu."

Wiki ile malori matatu yalifika siku moja, wanunuzi wakagombania machungwa yetu. Bei ikapanda mara tatu, sukari ikashuka, na mwalimu wa hisabati akakubali kuhamia kwetu. Tulibaki kushangaa: kumbe umaskini wetu wote ulikuwa kilomita kumi na nne!

KOSA LETU

Kwetu sisi, kinachoheshimiwa hufagiliwa. Bibi Mwaija aliona aibu barabara ile ilale na vumbi, akaanza kufagia kipande cha mbele ya nyumba yake kila asubuhi. Jirani naye hakukubali kushindwa. Ndani ya mwezi kila nyumba ilikuwa na kipande chake, na waliopita walisifu, "Hapa kwa Mhina pamekuwa sakafu!"

Mheshimiwa, tulikuwa tunaifagia changarawe yenyewe. Masika yakakuta udongo mtupu, na kwa siku mbili maji yakachimba korongo pale bondeni.

Mkaguzi wa barabara alipoyaona marundo tuliyoyafagia pembeni aliandika kwamba wananchi wanaiba changarawe. Tumesikia kwamba kwa sababu hiyo fedha za matengenezo zitapelekwa kwingine. Hatukuiba. Marundo yapo yote, hata karai moja halijapungua. Bibi Mwaija hali akashiba tangu asikie habari hiyo. Tulipoandika risala hii alituambia, "Wekeni jina langu. Mimi ndiye niliyeanza. Barabara isiadhibiwe kwa mkono wangu." Tukambishia, akakataa katakata. Ndiyo maana umelisikia.

MAOMBI

Tunaomba kalvati pale bondeni. Pili, tunaomba mtu wa kutufundisha kipi barabarani kinafagiliwa na kipi kinaachwa, maana nguvu tunazo, kilichopungua ni maarifa. Changarawe tutairudisha wenyewe, na mitaro tutaizibua kila mwezi. Machungwa yameanza kuiva, malori hayafiki, na yule mnunuzi wetu wa zamani ameonekana Mazingara akitabasamu. Tunaogopa, mheshimiwa. Aliyeonja asali hasahau utamu wake.

Hapa tulikuwa tumeandika kina cha korongo na upana wake, tumefuta. Haya yafuatayo tumeyaongeza kwa kalamu sasa hivi. Leo gari lako limekwama ng'ambo. Tumekuona ukikunja suruali, ukateleza, na bibi mmoja akashuka kwenye tope akakushika mpaka ukavuka. Ulimshukuru, lakini hukumuuliza jina. Mkono uliokuvusha, mheshimiwa, ndio ule uliofagia.

Mungu akuzidishie umri na hekima, na aizuie mvua mpaka ufike kwenye gari lako.

Ni sisi wako,
Wakulima wa Machungwa wa Kwemazi.
Msomaji: Hafsa Mhina