Mary Ann Nasimiyu, Mke wa Luteni Gathii

Wasikilizaji wapendwa, mlio Kitale, mlio Bungoma, mlio njiani na mlio jikoni, hamjambo. Leo tunamkumbuka mama mmoja wa mtaa wa Tuwan. Jina lake ni Mary Ann Nasimiyu. Alifariki Jumanne, akiwa na umri wa miaka arobaini na tisa. Kisa chake nimekipata kwa binti yake mkubwa, Wangui, fundi wa cherehani pale kwenye veranda ya duka la vitambaa la Manjit. Kawaida kipindi hiki nakisoma kwa upole. Leo nimechefuka, na sitaficha.

Mary Ann alizaliwa Lwakhakha, kule Bungoma mpakani mwa Uganda, binti wa mzee Wepukhulu. Mwaka wa 1981 aliolewa na Gathii Muigai, luteni katika jeshi la wanamaji. Sikilizeni vizuri: aliolewa. Mahari ilipelekwa Lwakhakha mchana kweupe, na padri akawafungisha ndoa. Gathii alikuwa mtoto wa wakulima Wakikuyu waliohamia Trans-Nzoia. Kwao hawakutaka mke Mbukusu. Yeye akaoa hivyo hivyo.

Walipata wasichana wawili. Wa kwanza akapewa jina la mama yake Gathii, kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Akaitwa Wangui. Wa pili akapewa jina la mama mzazi wa Mary Ann, kama desturi hiyo hiyo inavyotaka. Akaitwa Nelima. Wangui na Nelima. Yashikeni majina hayo.

Mwaka wa 1987 Gathii alikufa kwa malaria huko Mombasa. Wangui alikuwa na miaka mitano. Anachokumbuka zaidi katika matanga yale ni sanduku la bati la baba yake. Lilikuwa jeusi, na namba yake ya jeshi ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyeupe. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ndung'u, ndugu ya marehemu, alilipakia kwenye pikapu mbele ya mjane. "Hizi karatasi napelekea watu wa pensheni," alisema. "Nitarudisha."

Hakurudisha. Wiki iliyofuata alimfukuza mjane na watoto shambani. Ati ni mwanamke wa bandarini, Gathii alimwokota tu. Mwanamke wa bandarini! Mtu wa Lwakhakha, ambaye bahari yenyewe aliiona akiwa tayari na pete kidoleni.

Mary Ann alihamia mtaa wa mabanda wa Kipsongo, akafua nguo za watu hadi alipoweza kupanga chumba Tuwan. Lakini neno lile lilimfuata. Sokoni walimwita hivyo, kanisani walinong'ona. Shuleni Wangui aliitwa mtoto wa bandari. Mwaka wa 2004 Mary Ann alianza kuugua ini. Siku moja akamwita Wangui, akamkalisha kitandani.

"Pesa za baba yako sitaki," alimwambia. "Hata wakikupea usiniletee. Mimi nataka waandike tu mahali, huyu ni bibi ya Gathii. Nikienda, niende na jina yangu."

Hilo tu. Mama anaumwa, na anachoomba ni kuandikwa alivyo. Lakini karatasi zote zilikwenda na sanduku, na Wangui hakujua aanzie wapi. Mzee Kimaiyo, aliyefanya kazi na baba yake jeshini na kustaafu hapa Kitale, akamwambia kwamba rekodi za pensheni huwa na familia ya kila afisa. Wangui akaandika barua. Miezi minane ikapita kimya. Jibu lilipokuja, mwaka wa 2005, alilifungua hapo hapo kwenye cherehani. Mke wa afisa: marehemu, alifariki 1987. Watoto: Wangui na Waruguru.

Niseme ukweli, kwanza alifurahi. Jina lake lilikuwa pale! Aliona makarani wamekosea kidogo tu. Akakimbia hadi Tuwan kumsomea mama yake. Mary Ann alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Waruguru ni nani? Mama yangu si aliitwa Nelima?"

Jumamosi Wangui alikwenda kwa Ndung'u. Siku hizi Ndung'u ni mzee wa kanisa, mtu wa kiti cha mbele, mshauri wa ndoa za wengine. Mkewe alileta chai, akaiweka juu ya meza ndogo iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Kitambaa kilikuwa kimesogea kidogo pembeni, na Wangui akaona namba nyeupe. Haikuwa meza, wasikilizaji. Lilikuwa sanduku la baba yake. Kwa miaka kumi na minane watu hawa walinywea chai juu yake na kuwakaribishia wageni. Wangui anasema ile chai ilimshinda kumeza, akaitema kikombeni.

Akajikaza. Akamuuliza mama mwenye nyumba watoto wao wanaitwaje.

"Wa kwanza ni Wangui kama wewe, si nyanya yenu ni mmoja?" mama yule alijibu kwa furaha. "Wa pili ni Waruguru. Hiyo ni jina ya mama yangu mzazi."

Ndung'u alimkazia mkewe macho, lakini maneno yalikuwa yameshatoka.

Mmeona, wasikilizaji? Ndung'u aliwaandikisha wanawe kuwa watoto wa ndugu yake aliyekufa, apate kula pensheni yake. Yule Wangui wa kwenye rekodi hakuwa fundi wetu. Alikuwa binamu yake. Jina la mtoto wa kwanza lingeweza kumdanganya yeyote, kwa sababu nyanya ni mmoja. La pili halikuweza. Mtoto wa Mary Ann angeitwaje jina la mama mkwe wa Ndung'u? Na ili mjane asije siku moja kuuliza, akamuua kwenye karatasi.

Wangui alimwekea barua mbele ya uso. Mnajua mzee wa kanisa alijibu nini? "Si hata jina yako iko? Wangui ni Wangui, bana. Unalia nini? Mimi nililinda damu ya ndugu yangu isipotelee Bungoma."

Nimeyarudia maneno hayo mara kadhaa nikijiandaa kwa kipindi, na kila mara yananitia kinyaa. Kuiba ni kuiba. Lakini kuiba, kisha umwambie uliyemwibia akushukuru? Huo ni uchafu, na sina neno la adabu la kuuita.

Mzee Kimaiyo aliposikia, aligonga meza. "Msichana, faili ya serikali hawatoangi karatasi," alisema. "Wanawekelea tu juu. Wewe itisha ile ya chini kabisa." Kila afisa akipata mtoto, alieleza, alijaza fomu kwa mkono wake mwenyewe, na fomu hiyo hukaa humo miaka yote.

Wangui akaenda Nairobi. Karani alimwonyesha kurasa za juu, akataka kufunga faili. Wangui akakataa kuondoka. Alikaa kwenye benchi siku mbili, na siku ya pili yule karani akachoka naye, akafunua hadi chini. Wino wa bluu. Mke: Mary Ann Nasimiyu, binti Wepukhulu, wa Lwakhakha. Watoto: Wangui, Nelima. Wangui hakuwa amewahi kuona mwandiko wa baba yake. Alilia mbele ya karani na watu wote waliokuwa kwenye foleni.

Kukabaki kile kifo cha uongo, ambacho cheti chake kilitolewa Bungoma. Wangui akampeleka mama yake huko, miguu ikiwa imevimba. Kijana wa ofisini akatazama daftari. "Mama, hapa ulishakufa," akasema. "Lete barua ya chifu ya kuonyesha uko hai."

"Kijana wangu," Mary Ann akamjibu, "kama nilikufa, hii miguu inaniuma ni ya nani?"

Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Walirudi pale mara tatu, mgonjwa akibebwa kushuka garini, ili tu serikali ikubali kwamba anapumua. Mara tatu!

Mwezi wa tatu mwaka huu wa 2006, barua ikafika Tuwan. Rekodi imesahihishwa. Mke wa afisa: Mary Ann Nasimiyu, yuko hai. Aliomba asomewe tena. Kisha akamtuma Nelima amwite jirani mmoja, yule aliyezoea kumwita mwanamke wa bandarini, naye asomewe. Jirani alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akaomba msamaha. Siku kumi na moja baadaye, Mary Ann akafariki.

Ningependa kuishia hapo. Lakini jana Ndung'u alikuja hapa kituoni, suti na tai, na tangazo la kifo lililopigwa taipu vizuri. Liliandikwa kwamba marehemu ni shemeji yake mpendwa, na kwamba ameacha watoto watatu: Wangui, Nelima na Waruguru. Uchunguzi wa zile pesa za pensheni umeanza, na anajua tangazo la redio huchukuliwa maofisini kama ushahidi. "Soma tu, bwana mtangazaji," aliniambia. "Mwenyewe hawezi kukataa sasa."

Nilimrudishia karatasi yake, nikaenda kunawa mikono.

Wasikilizaji wapendwa, usiku wa leo jiulizeni: katika ukoo wenu, kuna mjane yupi ambaye karatasi zake zinakaa kwenye nyumba ya mtu mwingine? Mnamjua. Mwendeeni, msikae kimya kwa sababu aliyezichukua ni mzee wa heshima. Kwa familia ya mzee Wepukhulu kule Lwakhakha, poleni sana. Wangui, pole. Nelima, pole. Mungu awatie nguvu.

Na sasa tangazo lenyewe, kama walivyolileta wenye msiba. Atazikwa Jumamosi, Lwakhakha. Ni Mary Ann Nasimiyu, binti Wepukhulu. Mke wa Luteni Gathii Muigai. Ameacha watoto, Wangui na Nelima. Wawili tu.