Bi Apolinaria Ng'washi na Gauni Lake la Bafta, 1926–1977

Ukoo wa Limbu unawashukuru nyote mliofika hapa Puge kumsindikiza shemeji yangu Apolinaria. Alimwagiza Alois, mdogo wa mumewe, yaani mimi, niandike wasifu huu. Alisema watoto wake wangelia tu, na mimi ningesema ukweli. Tumetaniana miaka thelathini, na leo kwa mara ya kwanza ninasema bila kujibiwa. Sikuipenda nafasi hii.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Puge tarehe 23 Julai 1926, mtoto wa tatu wa mzee Ng'washi. Alisoma shule ya misheni Ndala kuanzia mwaka 1935 hadi darasa la nne. Masista walitaka awe mwalimu, lakini siku moja walimkuta nyuma ya jiko akichemsha leso zao pamoja na magome ya miti ili aone zitatoka rangi gani. Zilitoka kahawia, na habari za ualimu zikaishia hapo.

Tarehe 14 Juni 1947 alifunga ndoa na kaka yangu Eustace, mfanyakazi wa reli katika stesheni ya Usoke. Alivaa gauni jeupe la bafta, akatangaza mbele ya wakwe kwamba angelivaa mara mbili tu: siku ile na siku ya kuzikwa kwake. Kila masika yakiisha alilitoa sandukuni, akalianika kivulini, na ole wake shemeji ambaye angelisogelea na mikono yenye vumbi.

Mwaka 1949 Eustace alihamishiwa Tabora mjini. Jirani yao alikuwa Bi Kuluthumu, fundi wa kupaka rangi milala ya mikeka, naye ndiye aliyemfundisha kazi. Bi Kuluthumu alipika rangi ya magome na mizizi, na alijua imeiva kwa kuionja kwa ncha ya ulimi. Baadaye madukani ilikuja rangi ya unga, ya viwandani, inayong'aa kuliko yote. Chungu kilibaki kile kile, mwiko ule ule, na kuonja kukaendelea. Asubuhi ya Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, marehemu alikuwa ametoka kupika rangi ya kijani ya vitambaa vya sherehe. Alipofumbua kinywa apokee komunyo, padre alisita na hostia mkononi, kwa maana ulimi wa marehemu ulikuwa kijani kama jani la mhogo. Alimpa. Sisi wa benchi la nyuma tulishindwa kuimba.

Baada ya Azimio la Arusha, akina mama wa mtaani walianzisha ushirika wa kutia rangi vitenge, na mwaka 1969 wakamchagua kuwa mwenyekiti. Rangi yao iliyopendwa sokoni ilikuwa nyekundu ya kopo lenye picha ya fuvu. Wao walidhani fuvu ni chapa ya kampuni, kama simba au jogoo kwenye bidhaa nyingine, wakawa wanaiulizia dukani kwa jina hilo: nipe Fuvu mbili. Marehemu aliwafundisha wote kuonja, na alikuwa akisema kwamba asiyeonja si mpishi wa rangi.

Mwaka 1972 alikuja mkaguzi wa viwanda, kijana mwenye adabu, akampa shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha akamnyooshea mwiko aonje. Kijana alirudi nyuma. Aliwaeleza kwamba ndani ya unga ule mna kemikali iitwayo benzidini, ambayo hukaa mwilini miaka mingi kimya na kisha kuleta saratani ya kibofu. Aliagiza kopo lile lisinunuliwe tena, wavae glovu, wasile karibu na vyungu, na rangi yoyote isiguse mdomo. Fuvu waliiacha. Glovu walizitundika ukutani, zikawa za kuonyesha wageni. Kuonja hawakuacha, na shemeji yangu alicheka kwamba kijana aliogopa kuchafua shati.

Mwaka 1974 alianza kukojoa damu. Aliniagiza nisiufiche ugonjwa huu, na sitauficha. Daktari alimuuliza kazi yake, akampima, akakuta ni saratani ya kibofu. Marehemu hakuwa na la kufanya juu ya kibofu chake, lakini alikuwa na wanawake aliowafundisha, na hao ndio waliomkosesha usingizi. Alikwenda kwenye ushirika, akawakataza kuonja. Batuli, mwanafunzi wake mpendwa, alimwambia, "Mama Kasimiri, wewe ndiye uliyesema asiyeonja si mpishi wa rangi."

Akajibu, "Nilisema. Na mimi ndiye ninayekojoa damu. Chagueni la kufuata."

Wakauliza basi watajuaje rangi imeiva. Akasema wachovye kipande cha kitambaa cheupe kwenye kijiti. Mwaka ule vitambaa vyeupe vilikuwa haba, na vichache walivyopata vilikuwa vya kuuza. Kesho yake alirudi na sanduku lake. Alilitoa gauni, akalikata mikono kwanza, na akina mama wakamsihi aache. Hakuacha. Tangu hapo, siku alizoweza kusimama, alikaa kwenye kigoda kando ya vyungu na mkasi mapajani, akigawa vipande na kutazama midomo yao.

Alifariki dunia Alhamisi tarehe 17 Machi 1977, nyumbani kwake Tabora, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Eustace. Ameacha mume, watoto wawili, Kasimiri na Marcelina, wajukuu, akina mama wa ushirika, na shemeji ambaye hajui sasa atamtania nani.

Mliomwona asubuhi hii ndani ya jeneza mmeona hakuvaa gauni la bafta. Halikubaki. Amevaa kitenge cha buluu alichopikiwa jana na Batuli na wenzake. Rangi yake waliipima kwa kipande cha mwisho cha gauni lile, na hakuna aliyeionja.

Pumzika kwa amani, shemeji. Wamekusikia.