Lawrence Otema na Komeo la Bunduki

Ndugu waombolezaji, majirani wa hapa Kisugu, na ninyi mliofika kutoka mbali, familia imenituma mimi Olweny, shemeji wa marehemu, niwasomee safari yake kabla hatujaondoka naye kwenda Kitgum, nami nitasoma yote.

Lawrence Otema alizaliwa tarehe 2 Mei 1962, Kitgum Matidi, mtoto wa tatu wa mzee Yokana Oola na mama Rosalba Abalo, na kwa kuwa mzee Oola aliwinda kwa mkuki, mtoto alijua kunyata kabla ya kujua kusoma. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1970, akaenda sekondari Gulu mwaka 1977, akamaliza kidato cha nne mwaka 1980, na walimu waliandika kwamba ni mtulivu mno, jambo ambalo mama yake alilikataa hadi kufa kwake.

Tarehe 14 Januari 1985 alijiunga na polisi, akapelekwa ghala la silaha hapa Kampala, na kwa miaka ishirini alifungua, akasafisha na kurudishia bunduki za wenzake bila hata moja kupotea. Alistaafu mwaka 2005, na Machi 2006 akaajiriwa na kampuni ya uwindaji wa leseni kuongoza wageni katika vichaka vya mto Kafu, na huko ndiko jina lake lilikokua. Alikuwa na desturi zake, na hakuna mgeni aliyethubutu kuzibishia: pete za chuma za mkanda wa bunduki alizipeleka Katwe kwa fundi Hamim zikabadilishwa kwa ngozi, funguo na sarafu zilibaki garini, kidude cha usalama alikishika kwa vidole viwili ili kisilie, na komeo, kile chuma kinachosukuma risasi ndani, alilifunga polepole kwa kiganja, kwa maana swala akisikia chuma kimegongana, alisema, siku yenu imekwisha, rudini mkanywe chai.

Alifunga ndoa na dada yangu Concy tarehe 15 Desemba 1990 katika kanisa la hapa Kisugu, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba, na Concy alilalamika miaka yote kwamba mume wake huingia nyumbani kama mwizi, na watoto nao watakubali kwamba hawakuwahi kuizima televisheni kabla baba hajasimama nyuma yao. Alikuwa baba mkali, mcheshi, mwepesi wa kusamehe watu wote isipokuwa yeye mwenyewe, na sababu yake ndiyo hii ninayoifikia.

Jumamosi ya tarehe 9 Agosti 2014, saa nne asubuhi, mgeni alimjeruhi pongo dume, yule swala wa vichakani mwenye pembe kali, na yeyote aliyewinda anajua kwamba pongo mwenye jeraha si mnyama wa kufanyiwa mzaha. Lawrence aliingia kichakani na mfuata nyayo wake, Uthman Marjan, mtu wa Bombo anayeishi Bukoto, rafiki yake wa chanda na pete, na pongo alipowatokea, Lawrence alivuta kifyatulio, bunduki haikulia, na pembe zikaingia kwenye paja la Uthman. Lawrence alimpiga mnyama kwa kitako cha bunduki mpaka akaanguka, akaitupa bunduki chini, akafunga lile paja kwa shati lake, akakimbia kuita gari. Uthman alipona, lakini mguu haukurudi kuwa mguu, na tangu siku ile anatembea kwa fimbo. Wakubwa wa kampuni waliikagua bunduki, wakakuta komeo limefungwa sawasawa, wakaandika kwamba risasi ilikuwa mbovu.

Lawrence aliugua saratani ya koo tangu Septemba 2024, na sauti ilipokwisha, Aprili mwaka huu, aliomba karatasi, akaandika maneno haya, na kutuagiza yasomwe leo mbele ya Uthman: "Risasi haikuwa mbovu. Nilifunga komeo taratibu kupita kiasi, halikufika mwisho, nililiona limesimama wakati navuta. Waliposema risasi, nilinyamaza. Uthman, mguu wako ni mimi. Nisamehe." Alifariki Jumatano, tarehe 11 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Concy akiwa amemshika mkono.

Tulibishana sana nyumbani kama tuyasome, wengine wakisema maiti hasemwi vibaya hata kwa mdomo wake, mpaka Concy akasema mume wake hakuwahi kumtuma mtu kazi ya bure. Lakini hatukutaka kumshtua Uthman mbele ya watu, kwa hiyo jana tulikwenda kwake Bukoto na ile karatasi, akaisoma, akalia kwa uchungu, kisha akatuambia, nami nayasoma kama alivyoyasema: "Mimi najua toka siku ile. Afande alikimbia kuita gari, mimi nikaona ile komeo imesimama. Nikavuta bunduki, nikaifunga na mkono yangu. Wangeikuta wazi wangemfukuza, na yeye alikuwa na watoto wane ya kusomesha." Kwa miaka kumi na moja hawa wawili walikula pamoja kila Idi na kila Krismasi, kila mmoja akimficha mwenzake jambo lilelile, na leo Uthman ameketi pale mbele, karibu na jeneza, mahali alipopaomba mwenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kisugu mliopika na kukesha nasi, maafande mliofanya naye kazi ghalani, fundi Hamim na watu wa Katwe, na wenzake wote wa porini.

Lawrence, ulichoogopa kumwambia Uthman alikuwa anakijua, na bado alikuja kula nawe. Lala sasa, shemeji, amani iwe nawe.