Mwalimu Neno Moja Amekabidhi Kiti

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Neno Moja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha tatu kutoka bombani, mtoto wa nne wa fundi wa injini na mshonaji. Shangazi anasema alianza kubisha kabla hajaanza kutembea, nasi tunamwamini.

Alisoma shule ya msingi palepale relini, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1971 akaingia chuo kikuu. Maktabani alikutana na wanafalsafa wa Ulaya wa karne ya kumi na saba, walioandika wakati wafalme wakidai wamepewa enzi na Mungu. Wao walijibu kwamba mtawala ameaminiwa tu na watu, kwa kazi maalumu, na kazi hiyo ina mipaka. Marehemu hakuiacha tena hoja hiyo. Hata sisi wanawe tukitumwa dukani tulikuwa na haki ya kuuliza sababu. Tuliuliza, na dukani tukaenda vilevile.

Alifundisha uraia kuanzia 1975 hadi 2009. Siku moja mwanafunzi alimuuliza, "Mwalimu, hao wazee wa zamani wanatuhusu nini sisi?" Akajibu, "Kiranja wenu ndiye anayetunza chaki. Akisema ni yake mpaka mmalize shule?" Darasa likalipuka kwa kelele. "Haya," akasema, "mmeshaanza kuwasoma."

Aliyeandika "mwenye kiti" kwa maneno mawili alipoteza alama. Marehemu aliyaunganisha kwa kijitao cha kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Neno moja! Kiti si chake."

Tarehe 9 Septemba 1978 alimwoa muuguzi wa wodi ya watoto, mama yetu, mtu pekee aliyeweza kumnyamazisha.

Alipostaafu, wakazi wa jengo letu walimchagua mwenyekiti wa umoja wao. Katiba aliiandika mwenyewe: vipindi viwili vya miaka mitatu, basi. Mwaka 2015 vilipokwisha, majirani walimwambia, "Mzee, endelea tu, nani mwingine ataweza?" Nasema hili kwa kuwa yeye mwenyewe alipenda lisemwe: maneno yale yalimwingia. Alikaa mezani baada ya chai ya asubuhi, akaanza kuandika marekebisho ili aongezewe muda. Sisi watoto tuliona aibu kumkosoa.

Mama aliivuta karatasi, akasoma, akaweka kidole kwenye mstari wa pili. Kwa haraka, marehemu alikuwa ameandika "mwenye kiti".

"Mwalimu," mama akauliza, "hapa umekosea kuandika, au umesema kweli?"

Aliinama akausoma tena mstari ule. Kisha akacheka mpaka akavua miwani, akaichana karatasi. "Kumbe wale wazee wa zamani hawakuandika kwa ajili ya wafalme wabaya tu," akasema. "Waliniandikia mimi."

Siku hiyohiyo alimpelekea fundi cherehani wa ghorofa ya chini muhuri na funguo za tangi la maji, ashike mpaka uchaguzi. Alirudi akilalamikia ngazi, akalala mchana kutwa. Alipoamka alisema, "Nimetua mzigo." Nasi tukashusha pumzi.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Miezi ya mwisho ilikuwa ya maumivu makali, hata shuka lilimuumiza. Alifariki nyumbani Alhamisi, tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama. Tumelia sana, lakini tusidanganyane: tumepata nafuu pia, kwa niaba yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na umoja wa wakazi ambao umeshabadilisha wenyeviti wawili bila ugomvi.

Jana programu hii ya mazishi ilitoka kwa mchapaji imeandikwa "mwenye kiti mstaafu". Mama aliomba kalamu nyekundu, akachora kijitao.

Mwalimu, umeshakabidhi kila ulichoaminiwa. Pumzika kwa amani.