Mashuka ya Mama Veneranda

“Futa hapo, andika aliuguzwa na jumuiya,” Mzee Humphrey, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania hapa Stockholm, alikuwa akimwambia Mjomba Goodluck jana sebuleni kwa marehemu, kidole chake kikiwa juu ya karatasi, “watu wakisikia aliuguzwa na Mkongo watatuonaje?” naye Mjomba akajibu, “Watatuona tulivyo, Mzee,” Mzee akasema, “Kijana, unaongea na mwenyekiti,” Mjomba akasema, “Nawe unaongea na mtoto wa marehemu, huo uenyekiti ungeuvua pale mlangoni pamoja na viatu,” basi wakapandishiana sauti mbele ya picha ya Bibi, hadi Mjomba akanipa kalamu akasema, “Veronica ataandika na Veronica atasoma, yeye ndiye aliyekuwepo.”

Kwa hiyo, wachungaji, ndugu, majirani na marafiki, mimi Veronica, mjukuu wa marehemu, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia kuwasomea maisha ya Mama Veneranda Kokugonza Damian, na naomba mnivumilie, maana shule sikuimaliza, lakini haya nitakayosoma nayajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1958 huko Kamachumu, mkoani Kagera, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Damian na Mama Agripina, akasoma shule ya msingi hapohapo kijijini kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari mjini Bukoba hadi mwaka 1976, na baada ya hapo alifanya kazi ya uuguzi msaidizi katika hospitali ya misheni, ambako alipendwa kwa mikono yake myepesi.

Tarehe 15 Septemba 1984 alifunga ndoa na Babu yetu Jonathan, fundi umeme, na mwaka 1986 alimfuata hapa Stockholm alikokuwa masomoni, wakabarikiwa watoto wawili, Mama yangu Josephine, ambaye alirudi kuishi Bukoba na akafariki huko mwaka 2016, na Mjomba Goodluck, aliyepo hapa, na Babu alipotutoka mwaka 2003 Bibi alibaki peke yake katika nyumba ya Norsborg, ambamo mwaka 2017 alinipokea mimi nikiwa na miaka kumi.

Kuanzia mwaka 1991 hadi alipostaafu mwaka 2023 marehemu alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Jakobsberg, akiwaogesha Waswidi, akiwalisha na kuwatandikia, na alizoea kusema kwamba mzee ukimlaza kwenye shuka safi hata akisahau jina lake bado anajua kuwa yeye ni mtu.

Jioni moja ya Januari 2009, akitoka kazini, alimkuta stesheni ya Jakobsberg kijana amekaa kwenye benchi amevaa viatu vya kitambaa, theluji imemfika vifundoni, akimsubiri mtu aliyemwahidi kumpokea na ambaye hakutokea, Bibi akamsalimia kwa Kiswahili kwa kubahatisha tu, kijana akaitikia huku meno yanagongana, akasema anaitwa Édouard na ametoka Bukavu, na Bibi bila kumuuliza zaidi akampandisha treni hadi Norsborg, akampa koti la Babu na kochi la sebuleni, akakaa humo hadi mwezi Juni alipopata kibali na kazi kaskazini, akaondoka.

Jumuiya ilimsema Bibi sana, kwamba mjane anawezaje kulaza mwanamume asiyejulikana kwao, na Édouard alipokaa miaka bila kuonekana walimcheka, wakamwambia, “Umeona, Mama Goodluck? Shukrani ya punda ni mateke,” naye akawajibu, “Mimi sikumfuga, nilimpokea,” akaendelea kuchambua mchele.

Januari mwaka huu madaktari walimkuta na saratani ya utumbo, iliyokwisha kuenea, na Bibi akachagua kuugulia nyumbani, akaniomba jambo moja tu, nisimwache afe kwenye shuka chafu, na mimi nikaacha shule nikiwa mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, kwa hiari yangu, ili nitimize hilo, lakini ugonjwa ule ulikuwa unachafua shuka mara tatu au nne kwa siku, chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya jengo na hutumiwa kwa zamu, na mimi sikuweza kumwacha juu peke yake kwa muda mrefu, Mjomba naye wakati huo alikuwa kazini Norwe, basi mashuka yakarundikana bafuni hadi harufu ikafika kwenye ngazi.

Wageni walikuja, siwezi kusema hawakuja, maana kwetu mgonjwa lazima atazamwe, walikuja kumi, kumi na wawili, wakakaa, nikawapikia kama desturi inavyotaka, na waliposema mgeni njoo mwenyeji apone nilikuwa jikoni nakaanga samaki wao huku Bibi akiniita nimgeuze, wakala, wakaomba pilipili, wakasali wamejiziba pua kwa leso, mmoja akafungua dirisha wakati wa Baba Yetu, wakaondoka wakiacha miiba ya samaki kwenye sahani na hakuna aliyeingia bafuni.

Jumapili ya tarehe 21 Aprili Mzee Humphrey aliwapanga wageni kuzunguka kitanda akapiga picha, Bibi yuko kichwa wazi, mdomo wazi, shuka lina doa, akaituma kwenye kundi letu la simu akaandika kwamba jumuiya imemfariji mama yetu mpendwa, watu wakajibu kwa maua na viganja vya sala, nami niliisoma nikiwa nimeshika ndoo ya matapishi ya Bibi, na nasema mbele ya Mungu, kilichonitia kinyaa siku ile hakikuwa ndoo.

Picha ile ilitoka kundi hadi kundi, ikafika kwenye kanisa la Wakongo huko Spånga, na Jumanne yake, tarehe 23, Édouard akaja, sasa amerudi hapa Stockholm, ni dereva wa basi mwenye mke na watoto, na tangu siku hiyo alikuja kila alipotoka zamu, akafua, akakausha, akakunja, akapanda ngazi na kikapu begani, hakuketi mezani hata mara moja, na Bibi alipomwambia, “Mwanangu, unaniaibisha, hii si kazi ya mwanamume,” akacheka akasema, “Mama, koti ya mume wako ilikuwa kubwa, na hiyo pia nilikuwa naifua.”

Marehemu alifariki Jumatano tarehe 9 Oktoba 2024, alfajiri, nyumbani kwake Norsborg, kwenye shuka jeupe lililofuliwa jana yake, akiwa ameacha mtoto mmoja na mjukuu mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, wahudumu waliokuja asubuhi kumwogesha, wafanyakazi wenzake wa Jakobsberg walioleta kitanda cha kuinuka, na jirani yetu Emilia wa ghorofa ya pili, aliyetuachia zamu zake za chumba cha kufulia na hakulalamika harufu, na ninyi wengine mliokuja kula, Mungu awabariki, mlishiba.

Bibi, lala sasa, umepokea watu vya kutosha.

Nimalizie na hili, kwa sababu asubuhi hii nje ya kanisa nimesikia watu wakinong'onezana kwamba Mkongo yule alikuwa anatafuta nini kwa mama mgonjwa, basi alichotafuta alikisema mwenyewe siku ya kwanza nilipomfungulia, nikamkaribisha ndani, nikamwambia anisubiri niweke chai, naye akabaki amesimama mlangoni akikunja mikono ya shati, akaniambia, “Sikukuja kukaa, mtoto ya mama. Mashuka iko wapi?”