Kikopo cha Mzee Elisaria

Basi lilipoacha Moshi, Mektrida, aliyejitolea kuhimiza watu wapimwe mapema saratani ya utumbo, alimpa Mzee Elisaria shikamoo na kikopo. "Choo kidogo tu kinatosha, baba."

"Mwanangu, sisi tuliotahiriwa zamani tuliapa. Mwanamke asijue kamwe kwamba mwanamume huenda chooni."

Abiria wakacheka. Kila mke mlimani alijua kwamba wanaume huenda, akanyamaza kwa heshima.

Mektrida akainama, akanong'ona. "Mama, mkeo, ndiye anayekufulia, baba. Ameona damu kwenye nguo zako tangu Pasaka."

Sasa ilikuwa Desemba.

"Kiapo ni kiapo," alisema mzee, akitazama migomba.

Mektrida alimwomba Mungu kimoyomoyo hadi basi liliposimama Mwika. Kikopo kilibaki kitini. Mzee alishuka kinyumenyume, ili wanawake wasione nyuma ya suruali yake.